Upande wa Kulia Juu

Sikualikwa kwenye meza ile. Nasema mapema ili mtu asije akadhani ulikuwa mpango wa kuwafariji wakimbizi. Hoteli ilikuwa karibu na uwanja wa ndege wa Toronto, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nami nilikuwa mfanyakazi wa usafi. Kila Jumamosi mchana ukumbi mdogo wa chini uligeuka darasa la wasafiri. Watu waliokuwa wakingoja ndege za jioni walifundishwa kutengeneza wanasesere wa Kijapani wa karatasi, wakaondoka nao mkononi. Kazi yangu ilikuwa kupanga viti, kuleta maji ya moto ya chai na kufagia vipande vya karatasi wakishaondoka.

Mwalimu alikuwa bibi wa Kijapani, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kamba, na mkali kupita kiasi kwa mtu anayefundisha watalii. Ukikunja kola vibaya alikufumulia yote bila kutabasamu. "Tena," alikuwa akisema, hata kwa mzee wa miaka sabini aliyeshika koti lake tayari kuondoka. Nilimpenda kwa hilo. Mimi pia nililelewa na mwanamke wa namna hiyo.

Mwanamke huyo, mama yangu, alikuwa amefariki kwetu Uvira miezi miwili kabla ya Jumamosi ninayoisimulia. Habari ilinifikia kwa simu, wiki tatu baada ya mazishi. Ilikuwa vita, watu wanakimbia, na majirani walimzika haraka haraka akiwa ndani ya shuka. Alikuwa na kitenge alichojiwekea sandukuni kwa ajili ya siku hiyo, kitenge ambacho nilikijua ua kwa ua, na hakuna aliyekitafuta. Kwetu binti ndiye anayemvalisha mama yake mara ya mwisho, na mimi ndiye binti pekee. Kusafiri sikuweza. Kesi yangu ya ukimbizi ilikuwa haijasikilizwa, na aliyerudi nyumbani kabla ya hapo alihesabiwa kuwa amejifutia kesi mwenyewe.

Akina mama wa kanisa letu pale mtaani Weston walikuja kulia nami siku tatu. Walipika, wakaimba, wakaosha vyombo. Siku ya nne wakaniambia imetosha, mama yuko kwa Bwana. Kila mtu alikuwa na namna yake ya kuniambia imetosha. Mimi sikutaka itoshe. Nilikuwa na hasira na nilitaka kubaki nayo, maana nilikuwa sijamfanyia mama yangu kitu.

Jumamosi ile theluji ilizuia basi la watalii kutoka mjini, wakaja wasafiri watano kwenye meza ya watu kumi na wawili. Mwalimu alikuwa amekwisha kukata karatasi za wote, na hakuwa mtu wa kupenda kitu kiharibike. Akanitazama nimesimama na birika.

"Kaa," akasema.

Sheria ya hoteli niliijua vizuri: mfanyakazi haketi mbele ya wageni. Nilikaa, na aproni yangu kiunoni.

Mwanasesere mwenyewe ni kitu kidogo, urefu wa kiganja. Kichwa ni karatasi nyeupe, nywele karatasi nyeusi, na uso mtupu, hauna jicho wala mdomo. Kazi kubwa iko kwenye vazi. Karatasi yake ni nzito na laini, ina nyuzi kama kitambaa. Unaizungusha mwilini, unafunika upande mmoja juu ya mwingine, kisha unafunga mkanda wa uzi. Nilichagua yenye maua mekundu. Vidole vyangu havikungoja maelekezo. Mama alinifundisha kujifunga kitenge nikiwa na miaka sita, na alikuwa na sheria moja: upande wa kulia juu. Ukifunga kushoto juu alikufungua palepale, hata mbele za watu, akakufunga upya. Basi nikamfunika yule mwanasesere hivyo, upande wake wa kulia juu, nikanyoosha mkunjo kwa ukucha, nikafunga uzi, nikaona kazi yangu imezidi ya wote mezani.

Mkono wa mwalimu ukatua juu ya wangu.

"Hapana. Fungua."

Akaeleza polepole, kwa Kiingereza ambacho sote wawili tulijifunza ukubwani. Kwao, mtu aliye hai hufunikwa upande wa kushoto juu. Kulia juu ni kwa maiti peke yake; ndivyo wanavyomvika mtu kabla ya kumlaza kwenye jeneza.

Msafiri mmoja, mama mwenye nia njema na pete nyingi, akanyoosha mkono anisaidie kurekebisha. Nilimvuta mwanasesere kifuani.

"Mwache," nikasema. "Huyu amekufa. Ni mama yangu."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Sauti ilitoka kubwa, na sikuomba radhi, na hata leo siombi. Mama wa pete akarudisha mkono wake. Nikamgeukia mwalimu, tayari kabisa kugombana naye mbele ya wageni wake. Angeniambia imetosha, ningetoka na ile karatasi yake na nisingerudi.

Hakusema pole. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Nani alimvika?" akauliza.

"Hakuna."

Akavuta kiti, akakaa karibu yangu. "Basi fundo lako si sahihi," akasema. "Kama ni maiti, fundo husimama."

La aliye hai, kumbe, hulala, masikio yake moja kushoto na moja kulia. La maiti husimama wima, sikio moja juu na moja chini. Akanionyesha mara moja tu kwa uzi wake, akafungua. Nikajaribu. "Tena." Nikajaribu, likapinda. "Tena." Wageni waliendelea na kazi zao wakituangalia kwa pembeni. Mara ya nne machozi yalikuwa yananidondoka, naye akasogeza karatasi kando isilowe, akasema tena. Hakuna mtu aliyewahi kunifariji vizuri kuliko yule bibi, na wala hakunishika bega.

Hapo akaingia msimamizi wa ukumbi, bwana mmoja mwenye funguo nyingi kiunoni. "Anafanya nini hapa?" akamwuliza mwalimu, kana kwamba mimi sina masikio. Kisha akanikumbuka. Akasema wageni hawakuja kutazama mfanyakazi akilia, niinuke mara moja, na hicho kitu nikiache mezani kwa sababu vifaa ni vya wageni.

"Namaliza kumvalisha mama yangu," nikamwambia.

Akasema nisipoinuka ataandika barua. Nikamjibu aandike taratibu, maana na mimi nafunga taratibu.

Mara ya tano fundo lilisimama. Mwalimu alilitazama kwa muda, akaligusa kwa ncha ya kibano, akaitikia kwa kichwa. Ndipo nikainuka. Nilimtia mama mfukoni mwa aproni, nikashika fagio.

Barua ya onyo nilipewa Jumatatu. Nilitia sahihi, na mahali pa maelezo ya mfanyakazi nikaandika kwamba yote ni kweli na kwamba ningefanya tena. Msimamizi aliniuliza kama natania. Niliondolewa kwenye darasa, nikapelekwa vyoo vya wageni, na nilivisugua nikiimba.

Likabaki kanisa. Nilikuwa nimemlaza mwanasesere juu ya kabati la vyombo, kwenye leso nyeupe, na kila aliyeingia nyumbani alimwona. Wiki haikuisha kabla kiongozi wa akina mama hajabisha hodi, yeye na mwenzake mdogo, wakiwa na Biblia mbili. Kiongozi huyo ni mama wa Fizi, si mbali na kwetu Uvira, alinizidi miaka ishirini, na wengi wetu sufuria zetu za kwanza Canada zilitoka kwake. Mtu kama huyo hajibiwi ovyo. Nilimjibu.

"Mama, hii pupe ya karatasi iko sanamu," akasema hata kabla ya chai. "Utupe. Uko unaita mashetani mu nyumba."

"Haina macho, mama. Haina mdomo. Itamwita nani?"

"Usicheze na mambo ya Mungu."

"Sichezi. Huyu ni mama yangu. Walimfukia na shuka, mama yangu mimi! Basi nimemvalisha. Pasta akitaka kunifukuza, anifukuze. Kutupa, sitatupa."

Nikawaeleza yote, upande wa kulia, fundo linalosimama, msimamizi na barua yake. Nilieleza kwa hasira, nimesimama kati yao na kabati.

Kiongozi akainuka, akanizunguka. Nilidhani anakwenda kumtupa, na nilikuwa nimeamua kumshika mkono, awe mkubwa asiwe mkubwa. Alimwinua mwanasesere kwa vidole viwili, akamsogeza dirishani penye mwanga, akatazama lile fundo. Hatukuwa tumewahi kumwuliza watu wake wa Fizi waliishia wapi. Kila mara yeye ndiye aliyekuja kuwauliza wengine.

"Wangu walibakia mu njia," akasema. "Watatu. Hata shuka hawakupata."

Mwenzake akamkumbusha kwa sauti ndogo kwamba pasta akisikia atasema.

"Aseme." Kisha akanigeukia. "Leta karatasi."

Ya maua sikuwa nayo. Nilikuwa na gazeti la matangazo ya supamaketi, limejaa picha za kuku na machungwa. Nikalikata vipande vitatu.