Kumdanganya Mama kwa Zamu

Nimefundisha fasihi miaka mingi katika sekondari moja ya Karagwe, na kila mwaka, bila kukosa, kuna mwanafunzi atakayenyoosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, kwa hiyo watunzi wa hadithi ni waongo?" Darasa hucheka. Jibu langu nimelitoa mpaka limechakaa: mtunzi hamdanganyi mtu, kwa sababu msomaji amekubali mwenyewe, amefungua kitabu akijua. Uongo ni pale unapomtungia mtu ambaye hajakubali. Wanafunzi huliandika hilo daftarini na kulipigia mstari. Mimi hugeuka nikafuta ubao, hata kama hauna kitu, maana kwa miaka miwili sikutaka mtu anitazame usoni nikilisema.

Miaka miwili hiyo tulikuwa tunamdanganya mama yetu.

Mdogo wangu, kitindamimba wa mama, alivuka mpaka pale Murongo kwenda Uganda kufyatua matofali. Akaugua malaria huko, akachelewa kupelekwa hospitali, akafa. Wenzake walimzika huko huko, kwa sababu hawakujua pa kutupata. Simu yake ilikuwa imezima na hakuna aliyeijua namba ya siri. Habari ilitufikia siku ya kumi kupitia mchuuzi wa ndizi. Nilikwenda na dada yangu, mlinzi wa pale akatuonyesha tuta la udongo mwekundu nyuma ya tanuru, dada akapanga mawe kulizunguka, tukarudi. Kwetu mtu huzikwa kwenye migomba ya baba yake. Kumwacha pale ni aibu ambayo mpaka leo sijui niiweke wapi.

Wiki ile mama alikuwa ndiyo kwanza ametoka hospitali. Presha ilikuwa imempanda hadi mdomo ukapinda kidogo. Tukakaa, watoto watatu tuliobaki, tukaamua asiambiwe kwanza, akipata nafuu tutamwambia. Alipopata nafuu tukasema tusije tukamrudisha alikotoka. Kisha kahawa ikawa haijavunwa, kisha ikawa Krismasi inakaribia, na nani amwambie mzazi habari kama hiyo Krismasi ikikaribia? Sasa naona kwamba huruma yetu ilikuwa na uvivu mwingi ndani yake.

Tulifungua kundi la WhatsApp la ndugu ili maneno yetu yasigongane. Dada yuko Mwanza, kaka yetu mkubwa yuko Bukoba. "Leo nimemwambia simu ya mdogo wetu imeingia maji." "Sawa, mimi nitasema ameazima ya mwenzake." "Jamani, msiseme ameoa, ataomba picha ya mkwe." Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yetu ilipitia Mwanza na Bukoba, na wala haikuonyesha dalili ya kufika mwisho.

Wenzangu walikuwa na bahati ya kudanganya kwa simu. Mimi ndiye niliyekuwa karibu, mwendo wa pikipiki tu mpaka nyumbani kwa mama, Kibingo, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi nilikaa kwenye mkeka wa mama nikiwa nimebeba salamu za marehemu. Anakusalimu sana, mama. Amenenepa. Anasema mvua ya huko ni kubwa. Nilichoka. Niseme wazi, kuna siku nilimchoka hata mdogo wangu mwenyewe kwa kazi aliyoniachia, nikaona vibaya, na mwezi uliofuata nikapeleka salamu ndefu zaidi.

Na kijiji kizima kilijua. Tuliwaomba wanyamaze, wakanyamaza kwa ustadi uliotushinda hata sisi. Akina mama wa kwaya walipita kwake kila Jumapili baada ya ibada na kumuuliza, "Na kijana wetu wa Uganda, hajambo?" wakiwa na sura za malaika.

Jumamosi moja alasiri nilimkuta mama amekaa mkekani, kibunda kimefungwa pembeni yake. Ndani aliweka maharage, sweta, na kahawa ya kutafuna, ile ya kuchemshwa na kukaushwa, amefunga kwenye jani la mgomba kama mdogo wangu alivyoipenda. Alikwisha kuzungumza na mwenye bodaboda ampeleke Murongo Jumatatu asubuhi.

"Nimengoja vya kutosha," alisema. "Yeye asipokuja, mimi nina miguu."

Nikaogopa. Nilimwona akilini mwangu pale mpakani, na mdomo wake uliopinda, akiwauliza madereva na wachuuzi kama wanamfahamu mwanawe, na mmoja wao akimjibu bila kujua anamjibu nani. Ilibidi niseme kitu kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kusema.

"Mama, huna haja ya kujisumbua. Nimetoka huko wiki iliyopita."

"Umemwona? Kwa macho yako?"

Nyumbani tunazungumza Kihaya, kwa sababu mama ni Mhaya aliyeolewa huku kwa Wanyambo. Lakini Kihaya changu ni cha utotoni. Kutwa nafundisha kwa Kiswahili, na nikiwa na wasiwasi maneno hunijia ovyo ovyo. Nilitaka kusema nilikwenda nikamwona. Kilichonitoka ni, "Nkaija nabona."

Maana yake ni nilikuja, nikaona. Mtu wa nje angeona nimekosea kidogo tu. Ila ndivyo msimulizi wa Kihaya anavyofungua hadithi: anaapa kwamba alikuwepo, sungura alipomlaghai chui, na kila mtu jikoni anajua hakuwepo. Wasikilizaji humjibu kwa pamoja, "Bona tulole," ona, nasi tutazame. Baada ya hapo msimulizi ana ruhusa ya kusema lolote.

Mama alijibu kabla hajafikiri, kwa sauti ya zamani ya jikoni, huku akicheka.

"Bona tulole!"

Kisha kicheko kikakatika. Ningeweza kuokoa mambo. Ningesema ulimi umeteleza, tukacheka wote, nikaendelea. Lakini nilikuwa nimechoka sana, nikachelewa, naye alikuwa ananitazama.

"Kumbe ni hadithi," alisema.

Alikigeukia kibunda chake, kisha akanigeukia mimi.

"Amekufa lini?"

"Miaka miwili sasa, mama. Habari ilitufikia wiki ile uliyotoka hospitali."

Hakuanguka. Alikivuta kibunda, akakifungua, akaanza kutoa kitu kimoja kimoja na kukipanga mkekani. Akauliza nani mwingine anajua. Nikamtajia wote. Nilipofika kwa akina mama wa kwaya, alifumba macho.

"Kwa hiyo walikuwa wanakuja kunitazama. Nami nikiwapikia chai."

Nikaanza kueleza habari za presha, na daktari, na jinsi tulivyomhofia. Alinikatiza.

"Mmekila kilio changu. Mwanamke akifiwa na mtoto, kilio ni chake, hata kama hana kingine. Mmekila ninyi, mkanipa salamu."

Aliniagiza niwaite majirani. Walifika kabla jua halijazama, wakalia kwa sauti, wakajipiga vifua, wakauliza lini, wapi, maskini kijana wetu, utadhani ndiyo kwanza wanasikia. Walilia vizuri sana. Mama alikaa katikati yao, macho makavu, akiwatazama mmoja baada ya mwingine, na yeyote aliyetazamwa alishusha sauti. Niliona aibu kwa ajili yao, na zaidi kwa ajili yangu.

Walipotoka kwenda kuteka maji na kukoka moto nje, aliniita nikae karibu.

"Wewe ulifika kule. Alipokuwa anaumwa, aliniita?"

Jibu lake lilinijia palepale, zima, na maneno ya mwisho ya mgonjwa ndani yake, na mama akitajwa mara mbili. Hata mwanafunzi wangu dhaifu kuliko wote angelitunga. Lingemtuliza, na ndugu zangu kule kwenye kundi wangelipitisha bila mjadala.

"Sijui, mama," nilisema. "Tulifika ameshazikwa. Waliomuuguza walikuwa wamehama, hatukumpata wa kumuuliza."

Alinishika mkono, kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Hilo nalisadiki," alisema, na hapo ndipo alipoanza kulia.