Boga la Bosi

Nilipokuwa na miaka tisa nilibeba boga mgongoni zaidi ya mwezi mzima, na mpaka leo sijafanya kazi ninayojivunia kuliko ile. Wenzangu wa darasa la tatu pale kijijini Buger walinicheka mpaka wakachoka. Niliwaacha wacheke. Wao hawakuwa na mbwa kama Bosi.

Bosi alikuwa mbwa wa kufukuza nyani. Shamba letu lilipakana na msitu wa Marang, na nyani walishuka kula mahindi kana kwamba wamepanda wao. Popi, mama yake Bosi, alikuwa amezeeka na kazi yake ilibaki kuota jua, kwa hiyo ulinzi wote ulikuwa wa Bosi. Aliuweza mno. Shida ni kwamba nyani jike hubeba mtoto mgongoni, na Bosi alishajizoeza kumrukia kiumbe yeyote mwenye mtoto mgongoni. Jirani yetu Mama Paskali alipopita na mwanawe, Bosi alimng'oa kanga. Mtoto hakuumia, lakini kelele za mama yake zilisikika mpaka barabarani.

Na mama yangu alikuwa mjamzito.

"Huyu mbwa anakwenda Sale kwa mjomba wenu," baba alisema. Nililia siku mbili. Bosi nilimlea mwenyewe kwa maziwa ya kikombe, na Sale kwangu ilikuwa mwisho wa dunia.

Aliyenisaidia ni Ama, ndivyo tulivyomwita bibi yetu mzaa baba. Alisema mbwa akimzoea mgeni kabla hajafika, atamlinda kama wa kwake.

"Basi nishone mwanasesere," nikarukia, "tumwambie huyu ndiye mto..."

Ama akaniziba mdomo kwa kiganja kilichonuka moshi. Kwake yeye mtoto ambaye hajazaliwa hasemwi wala haandaliwi. Mama alikuwa ameshapoteza mimba mbili, na ile ya pili Ama aliamini iliondoka kwa sababu ya kofia ndogo ya uzi iliyonunuliwa mapema sokoni Karatu. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kukata hata kitambaa.

Sasa mbwa lazima aandaliwe, na mtoto haandaliwi. Ama aliiacha chai yake ikapoa. Kisha akaenda shambani, akarudi na boga.

"Tunamzoeza mbwa boga," akatangaza kwa sauti, kama anayemsemesha mtu aliye nyuma ya ukuta. "Boga tu!"

Alinifunga lile boga mgongoni kwa kanga ya mama. Siku hiyo hiyo Bosi alinirukia, tukaanguka wote, boga likapasuka, tukalila jioni. Kesho yake alinifunga jingine; nilichukua fimbo, Ama akaninyang'anya. "Ukimpiga atalichukia. Kaa chini, mwache anuse." Kila aliponusa kwa upole nilimpa tonge la ugali. Baada ya wiki tatu alitembea kando yangu bila kugeuza shingo. Baada ya tano nililaza boga kivulini, naye akaja mwenyewe akalala karibu yake, akawa anawakoromea kuku. Baba aliangua kicheko ambacho hakukitaka.

"Lakini boga halilii," akasema. Maneno hayo yaliniingia, maana yalikuwa kweli.

Mdogo wangu Danieli alizaliwa zahanati, mzima, na mapafu ya kutosha watoto watatu. Ama alitangulia nyumbani na kanga aliyofungiwa mtoto, akampa Bosi ainuse. Kisha mama akaingia uani, mtoto mgongoni. Baba alikuwa ameshika kamba ya Bosi kwa mikono miwili. Danieli akalia. Bosi alisimamisha masikio, akanitazama mimi, akajilaza chini. Baba alilegeza kamba, ila safari ya Sale hakuifuta.

Aliifuta mahindi yalipokomaa. Tulikuwa tukichuma maharage, Danieli amelala juu ya kanga kivulini ukingoni mwa shamba, Bosi kando yake. Nyani wakavamia upande wa pili. Baba akaita, "Bosi! Kamata!" Bosi hakutikisika. "Mmeniharibia mbwa kwa boga lenu!" baba akafoka, tukakimbia wenyewe na mawe.

Mimi ndiye niliyegeuka nyuma. Dume kubwa la nyani lilikuwa limetokea msituni upande wetu, hatua chache tu kutoka kwenye kanga. Bosi alikuwa amesimama juu ya mtoto, miguu huku na huku, manyoya yamesimama, hata kubweka habweki. Dume lilimtazama, likageuka, likaenda zake. Mama alikaa chini palepale kwenye maharage. Baba alipofika alikishika kichwa cha Bosi kwa mikono yote miwili. Sale haikutajwa tena.

Leo mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi, na kila siku nawahimiza wajawazito waandae nguo mapema. Kofia haitoi mimba. Hilo nalijua. Lakini nimewaona wanawake waliopoteza, wanavyoogopa kutumaini, na sasa namwelewa Ama. Alitafuta njia ya kutumaini ambayo mama yangu angeweza kuivumilia. Na alinikabidhi mimi niibebe.

Danieli sasa anaendesha watalii Ngorongoro, na hapendi tumwite Boga mbele ya wageni. Amejenga Karatu mjini, anafuga mbwa wawili, na ameoa. Mwezi uliopita alinipigia simu.

"Dada, shambani maboga yapo?"

"Yapo."

"Naomba moja. La kiasi."

Mimi ambaye kutwa nawauliza watu mimba ina wiki ngapi, sikumuuliza neno. Machozi yalinitoka tu.

"Nitaleta mawili," nikamwambia. "La kwanza huwa linapasuka."