Nilitafutwa Mtaa Mzima Nikiwa Kabatini

Nimewahi kutangazwa mtu aliyepotea nikiwa chumbani kwangu mwenyewe.

Watu wazima watatu walinitafuta. Waliita jina langu, walichungulia uvunguni, walipiga simu ambayo ilikuwa inaita pale pale kitandani. Mimi wakati huo niko kabatini, nimekalia mashati ya mume wangu, nimekumbatia koti lake la harusi, na nawasikia wote.

Na sikutoka. Tulieni niwaeleze kwa nini.

Mimi ni mama wa nyumbani. Ukiniuliza nafanya kazi gani, mume wangu atakujibu kabla yangu kwamba nipo nipo tu na watoto. Hiyo nipo nipo tu ina watu wawili ndani yake. Wa kwanza ni binti wa miaka minne, tunamwita Mwenyekiti, kwa sababu hakuna kikao kwenye nyumba hii asichokiongoza. Wa pili ni wa kiume, bado hajasema maneno ya kueleweka, tunamwita Tingatinga. Jina hilo halihitaji maelezo, njooni mwone nilichobakiwa nacho cha meza.

Sasa, mama mkwe wangu alilea watoto sita bila msaidizi, na hajawahi kusikika akisema amechoka. Hilo silisemi mimi, analisema yeye, na mume wangu anaitikia.

Wiki ile akapiga simu. Akasema amesikia kwenye sauti yangu kwamba nyumba imenishinda, kwa hiyo Ijumaa anakuja kujionea. Akikuta hali si nzuri, anaondoka na Mwenyekiti akakae kwake mpaka huyu mdogo akue.

Mume wangu akasema si wazo baya.

Nilicheka, nikasema mama asihangaike, mbona mimi niko vizuri tu. Kisha nikaenda jikoni nikalilia kitambaa cha vyombo. Yule binti ananitoa roho, sikatai, lakini nyumba bila yeye mimi siiwezi. Nikaapa kwamba Ijumaa hiyo mkwe ataikuta nyumba inang'aa mpaka ajione sura sakafuni.

Ijumaa ikafika. Tingatinga alikuwa anaota meno, kwa hiyo suala la kulala nilishalisahau. Nikapiga deki na mtoto mgongoni, aliposinzia nikamlaza kwenye kochi. Namaliza, nageuka, namkuta Mwenyekiti ameshamteremsha mdogo wake, wanapika pamoja. Walikuwa wanapikia sebuleni. Walikuwa wanatumia unga wa kweli.

Nikapiga deki tena. Wakapika tena.

Mchana, watoto wameshiba, mkwe bado hajatia timu, likanijia wazo nililoliona la akili sana. Nikawaambia tucheze kujificha. Wao wahesabu, mimi nijifiche.

Jamani, hakuna mchezo mwingine duniani ambao mama anaruhusiwa kukaa gizani, peke yake, kimya, na bado akaitwa mama mzuri anayecheza na wanawe. Tena Mwenyekiti anajua kuhesabu mpaka kumi, ila akifika saba anasahau, anaanza upya. Nikajiambia hapo nina muda wa kujidai.

Nikahakikisha jiko limezimwa, ndoo ni tupu na geti limefungwa. Nikaingia kabatini. Nilikusudia kunyoosha mgongo kidogo tu.

Usingizi ukanibeba jumla jumla.

Kilichonishtua ni sauti ya jirani.

Huyu jirani tunachangia naye ua, na mimi humwita Redio, kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Alimsikia Tingatinga analia, akaingia kupitia uani, akamuuliza Mwenyekiti mama yuko wapi. Mwenyekiti akamjibu hayupo. Redio akazunguka nyumba nzima, akaona simu yangu kitandani na kandambili zangu mlangoni, akampigia mume wangu kazini. Mume wangu akaja mbio, akakutana getini na mama yake anawasili na begi.

Yote hayo niliyajua kwa sababu Redio alikuwa anayasimulia upya, kwa sauti ya juu, katikati ya chumba changu.

Najua mnataka kuuliza kwa nini sikutoka hapo hapo. Hebu jiwekeni mahali pangu. Mkwe amekuja kukagua kama naweza kulea. Sebuleni kuna unga. Mtoto amelia mpaka jirani akaja kumchukua. Halafu kabati linafunguka, mlezi mwenyewe anatoka na alama ya hanga shavuni, anasema karibu mama, habari za safari?

Nikajikausha. Nikapanga kwamba wakitoka tu chumbani nachomoka, natokea jikoni kama mtu aliyekwenda kumwaga takataka.

Hawakutoka.

Redio akasema hakutaka kusema, lakini siku hizi nimekuwa mkimya sana, na mwanamke akianza kunyamaza ujue kichwani ameshafungasha. Mume wangu akamwomba aache hayo. Basi Redio akamuuliza asubuhi nilikuwa nimevaa nini, ili waulizie barabarani.

"Gauni," mume wangu akasema.

"La rangi gani, shemeji?"

Akaanza kukuna kichwa, mpaka nikamwonea huruma. Gauni lile nilikuwa nimelivaa tangu Jumanne. Nilitamani kumnong'oneza jibu kupitia upenyo wa mlango.

Mkwe naye akauliza, huyu akitaka kupumzika huwa anakwenda wapi? Kwa rafiki yupi?

"Mama, haendi popote," mume wangu akasema. "Sijawahi kumwona akienda popote."

Alilisema taratibu, na nadhani na yeye ndiyo alikuwa analisikia kwa mara ya kwanza.

Mpaka hapo nilikuwa najicheka mle ndani, lakini hilo liliniuma. Liliniuma kwa sababu ni kweli. Watu wanataka kunitafuta na hawana hata pa kuanzia.

Mkwe akawagawia kazi. Redio aelekee upande wa dukani, mume wangu aelekee barabara kuu na mdogo ambebe. Wakatoka. Akabaki yeye na Mwenyekiti. Nikamsikia anakaa kitandani, kando ya mlima wa nguo ambazo nilikuwa sijazikunja. Kisha nikasikia zipu ya begi.

"Nichagulie nguo zako humu," akamwambia mtoto.

"Tunaenda wapi, Bibi?"

"Kwangu."

Aibu yote ikaniishia papo hapo. Wacha anicheke, wacha ukoo mzima unicheke, mwanangu haendi. Nikausukuma mlango wa kabati.

Haukufunguka.

Nikasukuma kwa bega. Wapi. Lile kabati lina komeo kwa nje, nililipachika mwenyewe ili Tingatinga asiwe anamwaga nguo. Ndipo nikaelewa kwa nini hakuna aliyewaza kulifungua. Nani amtafute mtu mzima kwenye kabati lililokomewa kwa nje? Ila sasa, nani alinikomea?

"Bibi," Mwenyekiti akasema, "tukiondoka, mama akiamka atalia."

"Akiamka?"

"Amelala kabatini. Tingatinga alitaka kumwamsha, nikapanda kiti nikamfungia."

Mimi mle ndani nikaacha kusukuma mlango.

Mkwe akamuuliza, kwa upole wa ajabu, mbona hakusema muda wote huo watu wakihangaika. Mwenyekiti akamweleza kama anavyoelezwa mgeni asiyejua taratibu za nyumba: mama amesema jirani akiuliza, aambiwe hayupo.

Ni kweli, nilimfundisha. Redio akija kusalimia anakaa mpaka jua lizame. Sikujua tu kwamba mtoto anashika maelekezo yangu kiasi hicho, maana nikimwambia avae viatu huwa ni kiziwi.

Nikangoja kusemwa. Badala yake nikamsikia mkwe anamtuma Mwenyekiti akakae uani, akimwona baba yake aje aseme. Mlango wa chumba ukafungwa. Komeo la kabati likavutwa.

Tukatazamana.

Mimi nimejikunja juu ya mashati, mate yamenikaukia kidevuni. Yeye amesimama na kigauni cha mwanangu mkononi. Nikaanza kujitetea, nikasema mama, nilikuwa nacheza na watoto, mama, ule unga pale sebuleni...

"Mwanangu," akanikatiza, "humo ndani kuna hewa?"

Nikasema ipo kidogo.

Akashuka taratibu, akakaa sakafuni mbele ya kabati, magoti yanalia.

"Mimi nilikuwa najificha chooni," akasema.

Sikumwelewa. Akanieleza. Watoto sita, choo cha nje, mlango una ndoano kwa ndani. Alikuwa anaingia anakaa. Hafanyi lolote, anaegemea ukuta anasinzia. Wakija kugonga anawaambia tumbo linamsumbua. Mchezo ukaendelea miaka na miaka, mpaka familia nzima ikajua mama ana tumbo bovu.

"Na tumbo langu halijawahi kuniuma," akasema. "Mpaka leo wananipikia vyakula bila pilipili. Mimi pilipili naipenda."

Nilicheka nikagonga kichwa kwenye rafu. Ni kweli kabisa, mume wangu kila tukienda kwao hunikumbusha niangalie tumbo la mama. Yeye naye akacheka, mabega yanamtikisika, halafu nikaona anajifuta macho kwa kile kigauni.

Akasema siku ile kwenye simu aliisikia sauti yangu akaijua, kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo yeye. Lakini hakujua namna ya kuniambia nimechoka bila mimi kusema ananiingilia nyumba yangu. Kumchukua mtoto mmoja ndio msaada pekee alioujua. Na mimi nikamwambia ukweli, kwamba nilimwona anakuja kuninyang'anya.

"Nimechoka, mama," nikasema. Sikuwahi kulitamka neno hilo mbele yake, wala mbele ya mume wangu, wala mbele ya kioo.

Akainuka, akalipindua begi, nguo zote za Mwenyekiti zikamwagika kitandani. Kisha akaanza kuuchambua ule mlima, akawa anatia za kwangu begini.

Mume wangu alirudi jasho linamtiririka, mtoto begani, akanikuta nimesimama katikati ya chumba. Mama yake akamwambia nilikuwa nimekwenda kumpokea tukapishana njiani. Mume wangu akanitazama miguu peku. Akaitazama alama ya hanga. Kisha akanishika mkono akaung'ang'ania mbele ya mama yake, jambo ambalo si kawaida yake hata kidogo.

"Naondoka na mkeo," mama yake akasema. "Kesho na keshokutwa hutoki nyumbani. Watoto wako hao."

"Mama, mimi peke yangu?"

"Wana baba mmoja tu. Au unataka niwatafutie mwingine?"

Kwake nililala. Hapo sina cha kusimulia, nililala tu. Niliamka mara moja nikapapasa pembeni kumtafuta mtoto, nikapapasa ukuta, nikarudi nilikotoka.

Nilipofumbua macho vizuri jua lilikuwa limeshapanda. Mkwe amekaa kwenye kiti kando ya kitanda, kikombe cha chai mkononi, chai yenyewe imepoa, ananitazama. Nikakurupuka. Nikaomba radhi, nikasema nilitakiwa niwe jikoni saa hizi.

Akanizuia. Akasema alikuja kuniamsha, akajikuta amekaa anawaza. Alikuwa anajiuliza, kama zamani zile angetokea mtu hata mmoja akamwambia nenda kalale, watoto ninao mimi, yeye angekuwa mama wa namna gani.

"Hakuna aliyeniambia," akasema. "Na watoto wenyewe ndio wameshakua."

Nikatoka kitandani, nikafunua shuka, nikamwambia, "Mama, lala."

Akagoma. Ana kuku, ana vyombo, ana nguo kwenye maji. Nikapiga magoti nikamvua kandambili mwenyewe. Akajilaza huku analalamika, na kabla lalamiko halijaisha akawa anakoroma. Jamani, yule mama anakoroma.

Nikafunga mlango, nikakaa kizingitini. Baadaye akaja wifi yangu, binti yake wa kwanza, mtu mzima mwenye watoto wake, anataka kumwona mama. Nikamwambia mama amelala.

Alishtuka. Mchana huu? Anaumwa? Ni lile tumbo?

"Hapana, wifi," nikamwambia. "Amechoka."

Wifi alinitazama kama nimemwambia mama amepaa angani. Kisha akakaa kizingitini pembeni yangu, akavua viatu, na wala hakuwa na haraka ya kuondoka.

Mkwe ameniomba habari ya choo isitoke nje ya familia. Kwa hiyo nimewaambia ninyi tu.

Na ninyi mlio wapya kwenye kazi hii ya umama, nawaachia moja. Ukimsikia mama anajisifu kwamba hachoki, usibishane naye na wala usijilinganishe naye. Mvute pembeni, muulize polepole anajifichaga wapi.