Mzee Aliyepima Rangi kwa Kidole Kidogo

Kabla hujaniuliza: sikuwa nimekunywa, sikuwa na homa, na ilikuwa saa tisa mchana, mvua imetoka tu kukatika. Haya yalinipata mimi mwenyewe, ndani ya karakana yangu ya kupaka rangi fanicha hapa Kampemba, Lubumbashi. Ukitaka kucheka, cheka, lakini nisikilize hadi mwisho.

Nilikuwa na milango kumi na miwili ya kabati la jikoni, kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa, na rangi ilikuwa inakataa. Nikipuliza, inatandaa vizuri, nashusha pumzi. Dakika chache tu, inaanza kujitenga na kuacha vitundu vya mviringo, vimenikodolea kama macho ya samaki. Nasugua kwa msasa, napuliza upya, vitundu vinazidi. Mara tatu! Wewe ungefikiri nini?

Mimi nilifikiri uchawi. Kila asubuhi nilikuwa naipaka milango ile mafuta ya upako niliyopewa kanisani, na kila kazi ilipoharibika niliyaongeza. Mchawi mwenyewe nilikuwa nimeshampata: Mama Ngoie, mjane mwenye nyumba, aliyenipangisha karakana iliyokuwa ya marehemu mumewe. Kosa lake? Kila akipita alikuwa anaishika milango na kusema, "Iko muzuri, mwana." Basi nikawaita watu wa maombi waje kesho yake kumkemea mbele ya majirani. Mtaani kwetu mwanamke mzee akishaitwa mchawi hana tena pa kuishi. Nilijua hilo, na bado niliwaita.

Mchana huo nilikuwa napuliza kwa mara ya nne, barakoa usoni, ukungu wa rangi umejaa chumba, nikamwona mzee wa ovaroli ya buluu amesimama ndani. Mlango sikuusikia.

"Papa, toka! Hii rangi itakuua!"

"Hainisumbuake tena," akasema, akitabasamu.

Akagusa rangi kwa kidole chake kidogo, kilichokatika kwenye kiungo cha kwanza. Niamini, rangi ilikuwa mbichi kabisa, na hakuacha alama.

"Ni nani anapakalaka mafuta huku?"

"Ni miye, Papa. Ya kufukuza bulozi, huu uchawi."

Alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Bulozi hapana! Rangi na mafuta haipatanake. Na wewe unasugua mbele ya kukosha, unaingiza mafuta ndani ya mbao. Kosha kwanza na sabuni na maji ya moto, acha ikauke bien, kabisa kabisa, kisha sugua. Na kile kitambaa, tupa."

Nikageuka kukitazama kitambaa changu, kweli kimelowa mafuta. Niliporudisha macho, hayupo. Nje, tope la mvua halikuwa na unyayo hata mmoja.

Nilifanya alichosema. Nilikosha mlango mmoja, nikauanika juani, nikausugua, nikapuliza. Nikasubiri. Hakuna kitundu! Nilikaa chini sakafuni nikalia kwa furaha, halafu kwa aibu, kwa sababu nilikumbuka kesho nilikuwa nimepanga kumfanyia nini yule mama.

Nilimkimbilia nikamweleza yote, hata la watu wa maombi. Hilo hakuligusa.

"Kidole kidogo kilikatika?"

"Ndiyo, Mama."

"Ni bwana yangu. Na alikuwa anakohola?"

Mumewe alipuliza rangi miaka mingi bila barakoa, na kifua ndicho kilichomuua. Kikohozi kile Mama Ngoie alikisikia usiku na mchana hadi siku ya mwisho.

"Hapana, Mama. Hata kidogo. Na chumba kilijaa rangi."

Akajifunika uso kwa kitenge. "Aksanti, Mungu. Anapumua muzuri."

Watu wa maombi walipokuja, niliwapokea getini nikawaambia mkosaji ni mimi. Tangu siku ile mafuta ya upako yanakaa nyumbani, barakoa siivui, na mlango ukishakauka Mama Ngoie ndiye anayeushika wa kwanza. Nawe, kazi ikikuharibikia, usimtaje mtu jina. Kosha mlango kwanza, halafu utazame mikono yako mwenyewe.