Mbegu za Maua-Mdomo Juu ya Mafiga

Mimi sikuwahi kununua mbegu. Mahindi, maharage, mchicha, maboga, vyote nilipewa na mama, na mama alipewa na mama yake. Kwetu Uluguru shamba linapita kwa wanawake, na mbegu vilevile. Basi mjukuu wangu aliponiambia harusi yake itapambwa kwa maua ya plastiki, damu ilinichemka.

"Bibi, siku hizi ni ruksa. Maduka ya mjini yamejaa, rangi zote zipo."

"Mke mwenzangu, unataka kuolewa mbele ya ndoo zilizokatwakatwa?" nikamwambia. "Meza yako nitaipamba mimi, kwa mbegu ya mkono wangu."

Nikayasema hayo mbele ya mama wa mchumba wake, tena kwa sauti.

Maua yenyewe nilikuwa nayo tuta moja tu nyuma ya nyumba, huku juu ya Kinole kwenye baridi. Miche nilipewa na mama mmoja aliyekuwa akipalilia bustani ya kanisa. Jina la Kizungu la maua hayo halikunikaa kichwani. Tuliyaita maua-mdomo, maana ukilibana ua mashavuni linaachama kama mtoto anayesubiri uji. Lakini yalikuwa yamezeeka, mashina kama kuni, ilibidi nipande upya. Nikangoja vifuko vya mbegu vikauke, nikakata mabua, nikafunga mafungu, nikayatundika kichwa chini juu ya mafiga, palepale moshi unapolinda mahindi yangu na wadudu. Ndivyo nilivyofundishwa.

Masika yalipoanza kupungua nikateremsha mafungu. Nikakung'uta juu ya ungo. Hakuna kitu! Nikasogea mlangoni kwenye mwanga, nikaona kila kifuko kina vitundu vitatu nchani, kama kifuvu kidogo kinanikodolea macho. Mbegu ilikuwa imemwagika siku zote hizo, nyingine motoni, nyingine chunguni.

Jirani yangu alicheka mpaka akakaa chini. "Shoga, kumbe mlenda wenu ulikuwa na maua!"

Nikakwangua masizi kwenye mabua, nikapata mbegu kidogo, nyembamba kama ugoro, haitoshi hata kujaza pua moja. Nikaipanda kama mchicha: nikachora mstari, nikafukia, nikatandika majani juu. Nikamwagilia kila asubuhi. Wiki ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu nikafukua kwa kidole, sikuona hata alama.

Nikateremka hadi Mkuyuni kumuuliza mama anayeuza mbegu.

"Ulizifukia?" akauliza.

"Sasa ningezianika?"

"Mama yangu, hizo hazifukiwi. Zinataka mwanga. Unazinyunyiza juu ya udongo, unazibonyeza kwa kiganja, basi."

Akanitolea pakiti yenye picha ya maua yaleyale, makubwa kuliko yangu. Nikaishika. Siku zilikuwa bado zinatosha. Nikaigeuza, nikaitazama, nikairudisha mezani. Nilisema mkono wangu, sikusema mkono wa duka. Njia nzima ya kupanda mlima nilikuwa najitukana.

Siku ya harusi meza ilijaa plastiki nyekundu, na matone ya gundi eti ndiyo umande. Mama wa bwana harusi akaniinamia.

"Shikamoo bibi. Yale maua yetu ya mlimani yako wapi?"

"Marahaba. Nimeyachoma," nikasema. "Yaliyobaki nikayazika."

Alidhani natania, akacheka, akawaita na dada zake waje wasikie. Ikabidi niseme mara ya pili.

Plastiki zile bado ziko juu ya kabati la mjukuu wangu, huko mjini Kilakala. Nikienda kumtembelea ananipa kitambaa. "Bibi, nisaidie kufuta vumbi, wewe ndiye fundi wa maua." Nafuta. Nimezivuta shingo, nimezikunja, hazikatiki.