Toa "Tu" Moja

Jirani yangu fundi cherehani huongea akiwa amebana pini midomoni, na huimba tenzi za kanisani nazo vilevile. Kila asubuhi hufuta mashine yake, huitia mafuta, kisha huikanyaga bila kitambaa, eti isisahau kazi. Wateja walishakatika. Mimi, niliyefukuzwa na mume nikiwa na kikapu kimoja baada ya kumzalia watoto watano, nyimbo hizo zilinichosha. Siku ambayo mwenye duka la vitambaa alikuwa anakuja kuinunua mashine, ili watoto wa fundi wapate kula, nilimkuta akiitia mafuta tena. Nikamwambia, "Shoga, kubali yaishe. Mungu ametutupa." Akacheka hadi pini zikamwagika. "Mama Kisirani, toa hiyo 'tu' moja. Ametupa!" Sikusoma, lakini hilo nililielewa, nikanuna.

Mnunuzi akaja, akainama kuibeba mashine, na suruali yake ikapasuka nyuma, praaa! Fundi hakucheka. Alimpa shuka ajifunge, akaipokea suruali, akaketi mashineni, miguu ikaanza kukanyaga, wimbo ukipenya katikati ya pini. Yule bwana aliigeuza suruali huku na huku akitafuta palipopasuka, asipaone. "Mama, mashine nikiichukua, mikono yako hii itashonea nini? Baki nayo. Kesho naleta mapazia ya kushona, na malipo ya kwanza shika sasa hivi." Fundi akanigeukia, nyusi juu, pini midomoni, hawezi kusema. Nikamsemea mimi, mtaa mzima ukasikia: "Ametupa!"