Siku baba yangu alipoomba maiki katikati ya gig ya rock

Wakuu, salamu kwenu nyote, hata mnaosoma kimyakimya bila kuacha like.

Nimekaa na hii stori wiki mbili. Sitaongeza chumvi, kwa sababu waliokuwa ndani ya ule ukumbi wengine wako humu, na najua wananingoja niteleze.

Kwanza mnijue. Mimi ni shabiki wa rock. Naishi mtaa wa Satellite, Nairobi, nafanya kazi duka la dawa, na Jumamosi navaa fulana nyeusi kwenye jua la saa nane. Mnaocheka, chekeni mmalize.

Mtu akiisikiliza kwenye simu, naelewa akisema ni kelele. Lakini siku moja simama mbele ya spika, besi ikushike mbavuni, ugeuke uone mhasibu mzima amefumba macho anaimba mpaka mishipa ya shingo imemtoka. Wiki nzima mimi nasema "pole mama, dawa hiyo imeisha." Pale ndani hakuna mtu wa kuambiwa pole.

Kitu kingine ninachopenda ni zile sinema za ajabu za zamani. Zilipotoka hazikuwa na mwenyewe, sasa zina watu wao wachache wanaozijua neno kwa neno. Damu unaona kabisa ni rangi. Popo unaona uzi uliomning'iniza. Tunazipenda hivyo hivyo.

Sasa baba.

Mzee wangu alikuwa fundi wa rangi. Amepaka kuta za Lavington, kule kwa matajiri, miaka mingi. Na Jumapili baada ya kanisa alikuwa DJ wa kibanda cha video hapa Satellite.

Kwa mliozaliwa juzi: DJ wa kibanda hakuwa wa muziki. Sinema inawekwa, sauti inazimwa, yeye anashika maiki na kuwaeleza watu kwa Kiswahili kinachoendelea. Asipojua kinachoendelea, anatunga. Walimwita Rangi Mbili, kwa sababu ya ovaroli yake ya kazi iliyojaa madoa ya rangi mbili. Mama alikuwa anauza njugu pale mlangoni, na alikuwa anacheka kabla ya watu wote.

Kibanda kilivunjwa, barabara ikapita. Mama alifariki mwaka jana.

Tangu tumzike, mzee alinyamaza. Si kwamba alikuwa mgonjwa. Anakula, anaenda kanisani, anarudi. Lakini maneno yake ya siku yalikuwa "Umefika?", "Sawa" na "Funga mlango." Jina la mama hakulitaja hata mara moja. Jioni anakaa mbele ya TV, sauti ameizima, anaangalia watu wakifungua midomo.

Niliogopa sana, wakuu. Niliona nimempoteza na yeye, na bado tunaishi nyumba moja.

Basi kikundi chetu cha wapenzi wa rock na sinema hizo kikapanga kitu. Jumamosi alasiri, ukumbi wa ghorofa ya pili pale tao, katikati ya jiji, tuonyeshe sinema ya zamani ya Kitaliano kuhusu tajiri asiyezeeka anayekunywa damu ya wageni wake. Badala ya muziki wa sinema, bendi ya Shiro ipige live. Shiro ni mpiga gitaa, siku za kazi ni fundi wa stima, na hana mchezo. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kuleta sinema.

Nikamwomba baba twende. Akaiangalia fulana yangu.

"Kwa wale watu wako waliofungiwa nje?"

Ndivyo alivyokuwa akiiita rock zamani, kwamba inasikika kama watu waliofungiwa nje wakigonga geti. Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote za mwezi huo. Akavaa koti la kanisa, tukaenda.

Tulikuwa watu kama hamsini. Bendi ikafungua na nyimbo mbili kali. Mzee yuko safu ya nyuma, mikono magotini, uso hausemi kitu.

Sinema ikaanza, na hapo nikagundua upumbavu wangu. Nilikuwa nimeweka sinema kwa flash, nikasahau faili ya maandishi, ile inayoleta tafsiri chini ya picha. Imebaki kwa laptop nyumbani. Ukumbi mzima unaangalia Wataliano wakizozana na hakuna anayejua wanazozania nini.

Baada ya dakika kumi watu wakaanza kutoa simu. Wawili wakasimama kuondoka. Shiro akanijia na gitaa begani.

"Boss, si ulisema umecheki hii kitu?"

"Nilicheki mwanzo."

"Mwanzo hakuna mtu anaongea."

Nilitamani ardhi inimeze. Kabla sijajitetea, nikamwona baba akipita katikati ya viti. Hakuniangalia.

"Msichana, nipatie hiyo maiki. Na hao watu wa sinema uwazime sauti."

Shiro akanitazama. Nikamwambia mpe.

Mzee akaipuliza maiki mara mbili, kama zamani.

"Huyu mnaona ni mdosi wa Lavington. Ako na geti tatu, mbwa nne, na bado hapati usingizi. Mimi ndio nilimpakia rangi kwa nyumba. Alitaka sitting room yote nyekundu, nikajiuliza, kwani huyu anaficha nini?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Wale wawili wakarudi kukaa.

Mtumishi wa tajiri akawa Barasa wa Woodley, anayetembea na barua ya kuacha kazi mfukoni na anaogopa kuitoa. Popo akawa jirani anayebisha tu chakula kikiiva. Na bendi ikaanza kumfuata. Akipandisha sauti, gitaa linapanda naye. Akinyamaza, mpiga ngoma anagusa sahani moja ya shaba, anamngoja. Nikapaza sauti kutoka nyuma, "Rangi Mbili!" Akainua kidole bila kugeuka.

Halafu akatokea mwanamke, mke wa mmoja wa wageni, anatabasamu mlangoni. Baba akaisogeza maiki karibu na mdomo.

"Huyu anaitwa Nafula," akasema.

Hilo ni jina la mama.

Wakuu, hapo nikakumbuka kinachokuja. Hii sinema nimeiona mara nane, yeye hajawahi kuiona. Huyo mwanamke anakufa. Nikahesabu dakika zilizobaki, nikaenda mpaka kwenye projekta nikaushika waya, tayari kuung'oa.

Ikafika. Kitanda, mishumaa, mkono unamfunika shuka usoni. Bendi ikashuka mpaka ikanyamaza. Baba akaitazama picha. Waya uko mkononi mwangu, na siwezi kuuvuta.

"Nafula amekufa," akasema polepole. "Msidanganyike ati ataamka. Mimi nimengoja mwaka mzima."

Akamgeukia mpiga ngoma.

"Lakini sinema haijaisha. Kijana wa ngoma, endelea."

Na kijana akaendelea. Nilisimama nyuma ya projekta nikalia kama mtoto, na sioni aibu kuwaambia.

Jioni hiyo nikiwa jikoni nikasikia mtu anaongea sebuleni. TV ilikuwa haina sauti kama kawaida. Mzee alikuwa anamsemea msoma habari, ati kiatu chake kipya kinambana na anaona haya kukivua.

Nilichojifunza: cheki faili zako mpaka mwisho. Na kama una mtu amenyamaza nyumbani, pengine hahitaji maneno yako ya faraja. Mtafutie ile kazi aliyoipenda, umpishe.

Shiro amemwomba arudi mwezi ujao. Mzee amesema atafikiria, lakini koti ameshalipeleka kwa dobi.

Kuna mtu humu alikuwa anakuja kibanda chetu enzi hizo? Unamkumbuka yeye, au mama wa njugu? Andika hapo chini, nitamsomea. Ameketi hapa kando yangu, anauliza mbona naandika polepole.